Joseph Thomson na Meno Yake Mawili

Wengi wenu mnanijua kwa jambo moja tu, nalo ni mazingaombwe. Kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikisimama jukwaani katika tamasha la mwisho wa muhula pamoja na mfuko wangu mweusi unaolimeza yai, kamba inayokatwa ikaungana, vikombe vitatu na vijipira vyake, na ile leso nyekundu ambayo mwalimu wetu mmoja bado anaamini kuwa ilikuwa yake. Kila mara baada ya tamasha huulizwa swali lile lile: katika vyombo vyote hivi, ni kipi nikipendacho kuliko vingine?

Sikuwa na jibu la kuniridhisha mpaka mwaka jana, nilipokiona katika maktaba kitabu kikuukuu kilichotoka jalada. Ndani yake mna habari za safari ya Joseph Thomson katika nchi ya Wamaasai. Mtu huyu hakuwa mfanya mazingaombwe. Alikuwa mpima miamba na mpelelezi wa nchi. Lakini alipita mahali ambapo misafara yenye bunduki nyingi ilikuwa ikirudishwa nyuma, na sehemu kubwa ya silaha zake ilikuwa meno mawili ya bandia na chupa ya chumvi ya tumbo. Basi nimeona niwaandikie habari za maisha yake, maana kwa sisi tulioshika kazi hii ya kuchezea macho ya watu, yeye ni mtu wa kusomwa kwa makini. Tena alifika huku kwetu.

Ukipanda Jiwe la Tororo asubuhi isiyo na ukungu, utauona mlima Elgon, ambao jirani zetu Wagisu huuita Masaba, na ukigeuka kusini utaona nchi inashuka kuelekea vilima vya Samia na Ziwa Victoria. Pande zote mbili hizo Thomson alizifikia mwezi wa Desemba 1883. Kwetu ni Samia, upande wa Busia. Kwa hiyo mnaweza kuelewa jinsi moyo wangu ulivyoruka nilipoliona jina hilo katika kitabu kile.

Thomson alizaliwa tarehe 14 Februari 1858 katika kijiji cha Penpont, kusini mwa Skotlandi. Baba yake alikuwa mwashi wa mawe, na mtoto alikua akipenda mawe, lakini si ya kujengea. Aliyapenda ili ajue yametoka wapi. Akaenda Chuo Kikuu cha Edinburgh kusoma elimu ya miamba. Siku zile habari za Livingstone na Stanley zilikuwa katika kila gazeti, na vijana wengi wa Kiskoti walilala wakiota Afrika. Wengi waliamka wakaenda kazini kwao. Thomson aliamka akaandika barua kuomba nafasi.

Akaipata mwaka 1878, naye ana umri wa miaka ishirini. Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilikuwa kinatuma msafara kutoka Dar es Salaam kwenda ziwa Nyasa na ziwa Tanganyika, mkuu wake akiwa mchora ramani Keith Johnston. Hawakufika mbali. Mwezi wa Juni 1879, mahali paitwapo Behobeho, Johnston akafa kwa kuhara damu, na kijana yule akabaki peke yake na kundi la wapagazi, katikati ya nchi asiyoijua. Angeweza kurudi, wala hakuna ambaye angemlaumu. Hakurudi. Akaendelea mpaka maziwa yote mawili, akawarudisha watu wake pwani mwaka 1880.

Lakini tusimpe sifa zote peke yake. Mnyapara wa msafara ule alikuwa James Chuma, yule yule aliyeuchukua mwili wa Livingstone pamoja na Susi mpaka Bagamoyo. Chuma aliijua njia, aliijua lugha, alijua pia namna ya kusema na watu wenye hasira. Mimi naamini kwamba Thomson alijifunza kwake lile jambo ambalo kila mfanya mazingaombwe hana budi kulijua, yaani kuutazama uso wa mtu kabla ya kufungua mfuko wako.

Mwaka 1881 Seyyid Barghash, Sultani wa Unguja, akamwajiri kutafuta makaa ya mawe katika nchi ya mto Ruvuma. Sultani alitaka sana makaa hayo kwa meli zake. Thomson akaenda, akatazama, akakuta mawe meusi yasiyo na faida ya kuwasha moto. Akarudi akasema hivyo hivyo mbele ya Sultani, naye Sultani hakufurahi hata kidogo. Kumbukeni jambo hili. Hapa mtu angeweza kufanya kiini macho kikubwa, kuonyesha mfuko mmoja wa mawe mazuri na kukaa Unguja akila mshahara. Alisema kweli, akapoteza kazi.

Sasa nafika kwenye safari yenyewe. Mwezi wa Machi 1883, naye ana miaka ishirini na mitano, Thomson aliondoka pwani ya Mombasa na watu zaidi ya mia, ametumwa tena na Chama cha Jiografia, kutafuta njia fupi ya kufika ziwa Victoria kwa kupita nchi ya Wamaasai. Wafanya biashara wa pwani waliokwenda bara kununua pembe walikuwa wakiipita nchi hiyo, lakini kwa misafara mikubwa na kwa kulipa hongo kila kituo. Mwaka ule ule Mjerumani mmoja, Dakta Fischer, alikuwa ametangulia mbele yake, akagombana na Wamaasai, na damu ilimwagika. Thomson alipovuka Taveta na kuingia nchi ya Wamaasai, akawakuta wamekasirika. Ikambidi arudi Taveta usiku kwa usiku, akashuka pwani kuongeza watu na bidhaa, kisha mwezi wa Julai akajiunga na msafara mkubwa wa Jumba Kimameta, mfanya biashara wa Pangani.

Vijana wa Kimaasai, yaani morani, walikuwa wakija kambini kundi kwa kundi na mikuki yao, wakidai shanga, nyaya na nguo. Walimgusa Mzungu, walimvuta nywele, walimfunua suruali kuona kama ngozi ya miguu yake ni ile ile ya uso. Kulipa ilibidi alipe. Lakini shanga huisha. Basi siku moja, ili kuwashughulisha, akawaonyesha meno.

Tazameni jinsi alivyofanya, maana hapa ndipo pana ufundi. Thomson alikuwa na meno mawili ya bandia. Mtu asiyejua kazi angeyatoa tu mdomoni, na watu wangeona uchafu, wasione ajabu. Yeye kwanza aliyagonga kwa kidole, wakasikia kuwa ni meno, tena yamekaa imara. Halafu akageuza kichwa kidogo tu. Alipowageukia tena, palikuwa na pengo. Akageuka mara nyingine, meno yakarudi. Akayagonga tena. Kisha akawaambia kwamba hayo ni mambo madogo, angeweza kuitoa pua yake au macho yake vile vile kama angependa. Hawakutaka ajaribu.

Wenzangu mnaojifunza kwangu mabwenini, nimewaambia mara ngapi kwamba kazi yote hufanyika kabla ya kazi? Kule kugonga kwa kwanza ndiko kulikofanya ajabu, wala si kule kutoa. Na chombo chenyewe! Mimi mfuko wangu kila mtu anauona ninapoingia nao, na tangu hapo anautilia shaka. Ni nani awezaye kuyatilia shaka meno ya mtu anayecheka? Na ile ahadi ya pua ndiyo ufundi mkubwa kuliko yote, kwa sababu ajabu isiyoonyeshwa haina mahali pa kuharibika.

Habari zikamtangulia. Wamaasai wana mtu wanayemwita oloiboni, ambaye huagua, hutoa dawa, huwabariki vijana kabla ya vita. Siku zile oloiboni mkuu alikuwa Mbatian, mwenye heshima katika nchi yote. Oloiboni naye ana vyombo vyake: kibuyu au pembe iliyojaa vijiwe, ambavyo humwaga na kuvihesabu ili kujua mambo yaliyofichika. Kwa hiyo msidhani kwamba Wamaasai walikuwa wajinga walioshangazwa na Mzungu. Walikuwa na kiti tayari kwa mtu wa namna hiyo, chenye desturi zake na heshima zake. Thomson alikikalia tu. Wakamwita oloiboni mweupe.

Tangu hapo haikutosha tena kuonyesha meno. Oloiboni hutakiwa dawa. Na dawa aliyokuwa nayo ilikuwa chumvi ya Eno, ile ile inayouzwa mpaka leo madukani Tororo kwa watu waliokula nyama nyingi siku ya sikukuu. Siri yake mnaijua mliosoma kemia: ndani yake mna magadi pamoja na asidi kavu ya namna ya ukali wa ndimu. Vikiwa vikavu hukaa pamoja kwa amani. Vikipata maji hugombana, na katika ugomvi huo hutoka kaboni dayoksaidi, ambayo hufanya maji yachemke bila moto.

Alipotakiwa dawa, Thomson alitengeneza mchezo mzima. Aliweka chini sanduku lake la dawa na kulifungua wazi, ili watu waone vichupa vyote vya rangi mbalimbali. Pembeni akaiweka sekstanti, yaani kile chombo cha shaba na vioo cha kupimia jua na nyota. Kazi yake katika dawa ilikuwa hakuna kabisa, lakini ilimetameta. Akavaa glavu laini za ngozi, alizokuwa nazo kwa bahati tu, nazo zikawashangaza watu kuliko sanduku, maana walimwona mtu akivaa mikono mingine juu ya mikono yake. Kisha akainamia vichupa kwa uso mzito, kama mtu anayetafuta jambo la kufa na kupona. Akachanganya maji. Akaimba, kwa sauti mbaya anayoikiri mwenyewe, wimbo wa upuuzi wa Kiingereza usio na maana yoyote. Mtumishi wake Brahim alikuwa amesimama karibu na bunduki iliyoshindiliwa. Chumvi ilipotumbukia majini, Brahim akapiga bunduki hewani, na wakati ule ule maji yakafoka povu mpaka juu ya kikombe. Watu wakarudi nyuma kwa hofu. Mwisho akachovya vipande vidogo vya karatasi katika maji yale, akavitemea mate, akawagawia kama dawa isiyoshindwa kamwe.

Kutema mate kusiwachekeshe. Kwa Wamaasai kumtemea mtu mate ni kumbariki, na mtu anayeheshimiwa hutakiwa kufanya hivyo. Thomson aliandika kwamba aliwatemea kwa wingi.

Nimeusoma ukurasa ule mara nyingi kuliko ukurasa wowote wa vitabu vyangu vya masomo, na Bwana Mkuu wa Shule akisoma haya anisamehe. Kila chombo pale kina kazi yake. Sanduku ni la kuwafanya watu wasubiri. Glavu ni za kuwafanya watazame mikono wakati jambo lenyewe limo katika kikombe. Wimbo ni wa kujaza muda. Bunduki ni ya kuwafanya watazame pembeni kwa nukta moja tu, na wakirudisha macho wakute jambo limekwisha kutokea. Mfaransa mmoja, Robert-Houdin, ambaye wengi humhesabu kuwa baba wa mazingaombwe ya siku hizi, hangaliweza kulipanga vizuri zaidi.

Na kwa kuwa nimemtaja Robert-Houdin, afadhali niwaambie habari yake, maana inahusu. Mwaka 1856 serikali ya Ufaransa ilimpeleka Algeria, ili awaonyeshe Waarabu wa huko kwamba Wafaransa wana nguvu kuliko masharifu wao waliofanya miujiza. Alikuwa na sanduku dogo ambalo mtoto aliweza kuliinua. Kisha akamwita mwanamume mwenye misuli, akamwambia kwamba amemnyang'anya nguvu zake. Na kweli, yule mtu hakuweza kuliinua, hata alipovuta mpaka magoti yakatetemeka. Chini ya jukwaa palikuwa na sumaku ya umeme. Lakini Robert-Houdin alieleza katika kitabu chake kwamba, baada ya maonyesho, wakalimani waliamriwa kuwafahamisha watu kuwa hayo yote ni ustadi wa mikono na elimu, si uchawi. Alikuwa ametumwa na watawala kufanya kazi ya watawala, na sisemi ilikuwa kazi nzuri. Hata hivyo alifungua sanduku. Thomson hakulifungua.

Siandiki hivi kwa kumhukumu kutoka kitini. Msafara wake ulikuwa na watu wengi, na kosa moja lingewaua. Yeye hakupigana vita na Wamaasai. Miaka sita baadaye alipita Mjerumani Carl Peters katika nchi ile ile, akachagua bunduki, akaua watu na kuteka ng'ombe. Ukiwaweka wawili hao katika mizani, chumvi ya Eno inashinda mara mia. Mimi mwenyewe kwa muda mrefu nilikuwa nikimsifu Thomson bila kuweka lakini yoyote, mpaka lilipotokea jambo la nyumbani kwetu nitakalolieleza hivi punde.

Mwaka ule wa 1883 ng'ombe wa Wamaasai walikuwa wakifa kwa wingi kwa maradhi ya mapafu. Huko Laikipia mizoga ilijaa njiani, na Thomson na watu wake walikula nyama ya ng'ombe wagonjwa kwa kuwa hapakuwa na nyingine. Mtu ambaye mali yake yote, mahari yake, maziwa ya watoto wake, vinakufa mbele ya macho yake, humjia oloiboni mweupe kwa shida, si kwa kutaka kuchezewa. Wakaja pia mume na mke waliotaka dawa ya kupata mtoto mweupe kama yeye. Akawapa Eno wakanywa, akawatemea mate kwa wingi, wakaenda zao wamefurahi. Kitabuni jambo hili limeandikwa ili msomaji wa London acheke. Mimi nilicheka mara ya kwanza.

Kutoka Laikipia, akiwa ameuona mlima Kenya kwa karibu kuliko Mzungu yeyote kabla yake, alifika ziwa Baringo, na kutoka huko mwezi wa Novemba akaelekea magharibi. Akafika Kwa Sundu, mji ambao leo tunauita Mumias. Nabongo Shiundu alikuwa amekwisha kufa, na mwanawe Mumia ndiye aliyempokea. Mumia huyo alitawala Wanga mpaka alipokufa mwaka 1949. Huku kwetu watu walikuwa wakulima wenye chakula tele, wakauza mtama, kuku na viazi, na Thomson hakuhitaji sana meno yake. Akateremka mpaka Samia, na kiasi cha tarehe 10 Desemba akasimama ufukoni mwa ziwa Victoria. Mto Nile ulikuwa umebaki maili zipatazo 45. Lakini alikuwa na homa, bidhaa zimepungua, na habari za mbele hazikuwa njema, kwa kuwa Kabaka wa Buganda hakupenda wageni waje kutoka mashariki. Akageuka.

Ninyi mnaokumbuka ibada ya tarehe 29 Oktoba mnajua kilichompata mtu wa pili. Askofu James Hannington aliifuata njia ile ile ya Thomson mwaka 1885. Akawaacha watu wengi wa msafara wake Kwa Sundu pamoja na Padre William Jones, yeye akaendelea na watu hamsini tu. Alishikwa Busoga na kuuawa kwa amri ya Kabaka Mwanga, na karibu watu wake wote waliuawa pamoja naye. Mara nyingi nimewaza juu ya maili zile 45. Ujuzi wa kugeuka ni sehemu ya ustadi pia, na Thomson alikuwa nao.

Kutoka ziwani alipita Elgon, akatembelea mapango ambamo watu waliishi na ng'ombe wao. Alidhani yalichongwa na watu wa kale, labda Wamisri. Hapo mpima miamba alikosea. Tarehe 31 Desemba nyati aliyempiga risasi akainuka ghafla na kumrusha juu kwa pembe. Hajapona vizuri akashikwa na kuhara damu, maradhi yale yale yaliyomwua Johnston. Alibebwa na wapagazi kwa machela, akalala wiki nyingi katika kibanda cha baridi huko Mianzini, juu ya Naivasha, akila supu tu na kungoja kufa. Sanduku la dawa lilikuwa kando yake, pamoja na vichupa vyote vya rangi. Mwezi wa Mei 1884 alifika pwani, mtu wa mifupa mitupu.

Mambo yaliyobaki nitayasema kwa haraka. Mwaka 1885 alitoa kitabu chake na kupewa nishani ya dhahabu na Chama cha Jiografia. Mwaka huo huo alikwenda Sokoto, Nigeria, kufanya mikataba kwa ajili ya kampuni ya biashara ya Waingereza. Mwaka 1888 alipanda milima ya Atlas huko Moroko. Mwaka 1890 akatumwa na kampuni ya Cecil Rhodes kwenda Katanga, wala hakufika, kwa sababu ndui iliingia msafarani mwake. Safari hizo zilimla mwili. Alikufa London tarehe 2 Agosti 1895, mwenye umri wa miaka 37. Jina lake limebaki katika swala tomi, yule mdogo mwenye mstari mweusi ubavuni, na katika maporomoko ya maji ya Nyahururu yaitwayo Thomson's Falls. Na kama mmesoma Mashimo ya Mfalme Sulemani, ambayo Frederick Johnson aliyatia katika Kiswahili, mtamkumbuka yule Kapteni Good ambaye meno yake ya bandia yaliokoa maisha ya wote. Kitabu hicho cha Kiingereza kilitoka mwaka 1885, miezi michache baada ya kile cha Thomson.

Sasa lile jambo la nyumbani. Likizo iliyopita, baada ya kukisoma kitabu, niliufanya mchezo wa Eno uani kwetu mbele ya vijana na watoto wa kijiji. Bunduki sina, kwa hiyo ndugu yangu alipiga debe tupu kwa rungu. Glavu nilitumia soksi nyeupe. Niliimba hesabu za aljebra kwa sauti ya pua. Povu lilipofoka watoto walitimua mbio mpaka kwenye migomba, na mimi nikalala usiku ule nikijiona ndimi Thomson mwenyewe.

Kabla jua halijachomoza, mlango ukabishwa. Alikuwa nyanya mmoja wa jirani, ambaye sisi Wasamia tungemwita kukhu, amembeba mjukuu wake mgongoni kwa leso. Mtoto alikuwa moto kama jiko na macho yamegeuka. Akapiga magoti mbele yangu, mwanamke wa umri ule, akafungua pindo la leso na kutoa fedha. Alitaka maji yale yanayochemka bila moto.

Nikamwambia kuwa ni chumvi ya dukani. Hakusadiki. Nikaleta pakiti, nikaitia chumvi katika kikombe mbele yake bila wimbo na bila debe. Povu likafoka kama jana, na hilo likamzidishia imani badala ya kuipunguza. Akadhani nakataa kwa kuwa fedha ni kidogo, akaniambia ataleta kuku. Sikujua la kufanya. Ni mama yangu aliyetoka, akamchukua mtoto mikononi mwake, akaniambia kwa sauti ambayo sijaisahau nilete baiskeli. Tukampeleka zahanati. Ilikuwa malaria, nayo imekwisha kupanda kichwani. Mhudumu alituambia kwamba tungechelewa mpaka mchana, pengine asingekuwa na kazi nasi. Mtoto alilala huko siku nne akapona.

Nilipomrudishia kukhu fedha zake alizoziacha kizingitini kwetu, alizikataa. Mpaka leo tukikutana njiani hunisalimu kwa heshima anayopewa mganga, na watu wakimweleza kuwa ni dawa ya zahanati iliyomponya mtoto, huitikia kwa adabu tu.

Basi mkiniuliza tena ni chombo gani nikipendacho kuliko vyote, nitajibu kuwa ni yale meno, ingawa yangu yote ni mazima na sina nia ya kuyang'oa kwa ajili ya tamasha. Mchezo wa Eno bado naufanya. Muhula huu nitauweka wa mwisho, na pakiti itakuwa juu ya meza tangu mwanzo, jina likitazama watu, na mmoja kati yenu ataitwa jukwaani aitie chumvi mwenyewe. Wanaotaka kujifunza kulificha yai mfukoni waje bweni letu Jumamosi baada ya masomo ya jioni. Kila mtu aje na yai lake, maana mpishi amekwisha kunikataza.